Jiwe Hili Lilitoka Wapi? Kuwafundisha Watoto Wadogo Habari za Viumbe vya Kale



Katika mtaa mmoja wa Ruiru, kanisa lilipokuwa likijenga darasa la chekechea, lori lilimwaga mawe ya kukatwa uwanjani. Mtoto wa miaka mitano akaokota kipande, akampelekea mwalimu. "Mwalimu, hili jiwe lilitoka wapi?"

"Lilitoka timboni."

"Na huko timboni liliwekwa na nani?"

"Na Mungu. Haya, litupe uingie darasani."

Mwalimu hakudanganya. Lakini mtoto alikuwa na swali la pili ambalo hakupata nafasi ya kuuliza: liliwekwa vipi, na kulikuwa na nani wakati huo? Akatupa jiwe, na swali likatupwa pamoja nalo.

Makala haya ni ya walimu wa chekechea, walimu wa shule ya Jumapili na wazazi wa Thika, Juja na Ruiru. Tunataka kuonyesha kwamba swali kama hilo linaweza kujibiwa kwa ukweli, kwa vitu vilivyo nyumbani, bila gharama na bila kuitia imani ya mtoto hatarini. Tena kuna hatari moja ya kweli ambayo ni lazima tuiseme. Tutaifikia.

KISUKUKU NI NINI?

Kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe kilichoishi zamani sana, iliyohifadhika ardhini. Inaweza kuwa mfupa, jino, gamba la konokono, jani, au hata alama ya mguu.

Kwa kawaida mnyama akifa haachi kitu. Fisi na tai hula nyama, mchwa na wadudu humaliza yaliyobaki, jua na mvua huvunja mifupa. Lakini mara chache hutokea mnyama akafunikwa upesi na matope ya ziwa, na mchanga wa mto au na majivu ya volkeno. Hapo fisi hamfikii. Maji yenye madini hupita polepole ndani ya udongo, na madini hayo hujaza vitundu vya mfupa, mpaka mfupa unakuwa mzito kama jiwe. Baada ya muda mrefu sana, mvua humomonyoa ardhi, na ule mfupa hutokeza tena juu.

Kwa watoto wadogo fupisha kwa maneno manne, wakifanya kwa mikono: Alikufa. Akafunikwa. Akawa jiwe. Akaonekana. Watoto wa PP1 na PP2 hushika haraka wakirudia wote pamoja, wakijilaza chini na kuinuka.

JE, KWETU KUNA VISUKUKU?

Hili ndilo swali ambalo wengi huuliza. Wacha tuseme ukweli. Mawe mengi ya kujengea yanayokatwa upande wa Juja na Ndarugu ni majivu ya volkeno yaliyoanguka zamani, yakarundikana na kugandamana. Kwa kawaida hutakuta mifupa ndani yake. Kwa hivyo mwalimu asiwaahidi watoto kwamba watapata mfupa wa dinosau kwenye ukuta wa darasa.

Lakini ukuta huo bado ni kitabu kizuri. Watazame watoto jiwe kwa karibu. Wataona vipande vidogo vya mawe mengine ndani yake, na vitundu. Waambie, "Jiwe hili wakati mmoja lilikuwa majivu, yakianguka kutoka juu kama vumbi." Mtoto aliyeishi nyumba ya mawe maisha yake yote hajawahi kuambiwa hivyo!

Kisha wasimulie habari ya Laetoli. Laetoli iko kaskazini mwa Tanzania, si mbali na bonde la Olduvai. Miaka milioni 3.6 hivi iliyopita, volkeno ilirusha majivu, na mvua nyepesi ikanyesha juu yake. Majivu yakawa kama simiti mbichi. Wanyama wakapita juu yake: ndege, swala, tembo. Wakapita pia viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili kama sisi. Jua likakausha, majivu mengine yakafunika. Mwaka 1978 kundi la mtaalamu Mary Leakey lilifunua njia ya nyayo hizo. Hata alama za matone ya mvua zilikuwapo.

Sasa, ni mtoto gani wa Ruiru asiyeelewa habari hii? Kila mtoto amewahi kukanyaga simiti ya fundi kabla haijakauka, akakemewa. Alama yake iko hapo mpaka leo.

Na tukitaja simiti, kuna jambo lingine. Simiti inayotengenezwa Bamburi, Mombasa, hutokana na mawe ya matumbawe. Matumbawe ni makao yaliyojengwa baharini na viumbe wadogo sana, na mawe hayo ni mabaki yao, yaliyobaki nchi kavu baada ya bahari kushuka. Kumbe basi hata sakafu ya nyumba huku bara inaweza kuwa na mabaki ya viumbe vya bahari, yaliyosagwa na kuchomwa.

MVULANA WA KABETE NA MVULANA WA UKAMBANI

Watoto hupenda kusikia habari za watu. Wasimulie hawa wawili.

Wa kwanza alizaliwa hapa hapa Kiambu. Louis Leakey alizaliwa Kabete mwaka 1903, mtoto wa wamisionari wa Kianglikana. Baba yake, Canon Harry Leakey, alishiriki katika kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kikuyu. Louis akiwa mvulana alianza kuokota vipande vyeusi vya mawe makali vinavyong'aa kama kioo. Wenyeji walikuwa wakiviita nyembe za mizimu. Yeye akatambua kwamba vilikuwa zana za watu wa kale. Kazi yake yote ya baadaye ilianzia hapo, kwa mtoto kuokota jiwe, na mtu mzima asimwambie alitupe.

Wa pili ni Kamoya Kimeu, kutoka Ukambani. Alichunga mbuzi akiwa mtoto, na masomo yake hayakupita shule ya msingi. Mwaka 1960 aliajiriwa kama kibarua wa kuchimba Olduvai. Jicho lake likawa kali kuliko la wenye digrii. Mwezi wa Agosti mwaka 1984, kando ya mto mkavu wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha mfupa kati ya changarawe za rangi ile ile. Kilikuwa kipande cha fuvu. Walipochimba, walipata karibu kiunzi kizima cha mvulana aliyekufa miaka milioni moja na nusu hivi iliyopita. Wataalamu humwita Mvulana wa Turkana, na mabaki yake yamehifadhiwa na Makavazi ya Kitaifa, Nairobi. Mwaka 1985 Kamoya alipewa nishani ya heshima huko Marekani, mkononi mwa Rais Ronald Reagan. Alifariki mwaka 2022.

Mchungaji wa mbuzi alijua kutazama chini kwa uvumilivu. Wazazi, msidharau mtoto anayetembea akiangalia chini na mifuko imejaa mawe.

MASOMO MANNE YASIYO NA GHARAMA

1. Nani alipita hapa?

Asubuhi baada ya mvua, watoe watoto nje penye tope karibu na darasa. Tafuteni nyayo: za kuku, za mbuzi, za mbwa, za gumbuti, za kiatu. Waulize: Alikuwa anaenda wapi? Alikuwa anatembea au anakimbia? Mkubwa au mdogo? Msiwape majibu. Nyayo za anayekimbia huachana mbali, na ncha ya mguu huzama zaidi. Watoto watagundua wenyewe. Hivyo ndivyo wataalamu walivyosoma nyayo za Laetoli.

2. Chapa ya jani

Tafuta udongo wa mfinyanzi, au udongo wowote unaonata. Usitumie unga wa chapati kama vitabu vingine vinavyoshauri. Unga ni chakula, na mtoto aliyekuja shule bila kunywa chai hataelewa kwa nini unachezewa. Bapa udongo uwe kama chapati nene. Kila mtoto aweke jani, upande wenye mishipa ukiwa chini, akandamize kwa kiganja, kisha aliinue taratibu. Jani la kahawa ni zuri kwa sababu mishipa yake imejitokeza; la avokado pia linafaa. Anikeni kivulini siku mbili au tatu ili udongo usipasuke. Jani litanyauka, chapa itabaki. Waulize: "Jani liko wapi?" "Limeoza." "Tunajuaje lilikuwapo?" Hilo swali la mwisho ndilo somo lenyewe.

3. Chimba karai

Chukua karai au beseni la zamani. Chini kabisa weka mchanga wenye mifupa ya samaki na makombe ya konokono. Juu yake mwaga majivu ya jikoni yaliyopoa. Juu ya majivu weka udongo mwekundu wenye mifupa ya kuku, na juu kabisa kifuniko cha soda. Mifupa yote ichemshwe kwa sabuni na kuanikwa juani kwanza.

Wape watoto vijiko na miswaki ya zamani. Sheria ni moja: hakuna kunyakua. Piga mswaki taratibu mpaka kitu chote kionekane, na kabla ya kukitoa, mwite mwalimu aone kilipokuwa. Mkimaliza, ulizeni: Ni kitu gani kilikuja kwanza? Watoto watasema kifuniko cha soda ndicho cha mwisho kwa sababu kiko juu. Kwa nini chini kuna samaki? Mmoja atasema, "Kulikuwa na maji!" Hapo amefikiri kama mwanasayansi.

Kisha mwambie kwamba mahali hapo papo kweli. Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi, yapata kilomita 70 kutoka Nairobi, leo ni pakavu na pana joto kali. Lakini udongo wake mweupe ni wa ziwa la kale, na kati ya tabaka zake zimelala zana nyingi za mawe na mifupa ya wanyama wakubwa.

4. Kamba ya wakati

Somo hili ni la watoto wa darasa la tatu kwenda juu. Hawa wadogo watosheke na "zamani za shosho", "kabla ya shosho wa shosho" na "zamani sana kabisa".

Chukua rula na kamba ndefu ya katani. Kila milimita moja iwe miaka 1,000. Mwanzo wa kamba ni leo. Miaka 100, yaani maisha ya shosho mzee sana, ni sawa na unene wa karatasi moja ya daftari. Kuzaliwa kwa Bwana Yesu ni milimita mbili tu kutoka mwanzo! Mvulana wa Turkana ni mita moja na nusu. Nyayo za Laetoli ni zaidi kidogo ya mita tatu na nusu. Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani wasio na mkia, ambaye fuvu lake Mary Leakey alilipata kisiwani Rusinga mwaka 1948, ni kama mita 18.

Na dinosau, ambao watoto huwaona kwenye televisheni? Wa mwisho wako mita 66. Hapo kamba imekwisha, tembeeni kwa hatua mpaka nje ya lango la kanisa. Wale wa Tendaguru, kusini mwa Tanzania, waliochimbwa na Wajerumani kuanzia mwaka 1909 na mifupa yao ikabebwa vichwani na wapagazi mpaka bandari ya Lindi, wako mita 150 hivi. Watoto wakiona mwenzao amesimama kule mbali akiwa "dinosau", hawatasema tena ati dinosau waliishi na shosho.

NA IMANI JE?

Tunajua wazazi wengine wamesoma mpaka hapa wakiwa na wasiwasi. Jambo hili si dogo. Mwaka 2006, jumba la makavazi la Nairobi lilipokuwa limefungwa kwa ukarabati, baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili nchini walipinga vikali jinsi mabaki ya binadamu wa kale yangeonyeshwa. Jumba lilifunguliwa tena mwaka 2008, na mabaki hayo yakaonyeshwa. Kwa upande mwingine, Papa Yohane Paulo wa Pili, akiwaandikia wanasayansi wa Vatikano mwaka 1996, alikubali kwamba nadharia ya mageuzi ni zaidi ya kukisia tu. Hata katika ushirika mmoja utapata wazee wenye maoni mbalimbali.

Hatutamaliza mjadala huo kwenye ukurasa huu. Lakini kwa anayefundisha watoto wadogo tunashauri hivi:

Kwanza, usimdanganye mtoto. Usimwambie kwamba mifupa hiyo ni bandia au kwamba ilifichwa ardhini na shetani. Mifupa ipo, ina uzito, inashikika. Mtoto huyu atakua, atafika sekondari, ataiona. Siku hiyo atajiuliza: kama walinidanganya juu ya jiwe, walinidanganya juu ya nini kingine? Wengi wanaoliacha kanisa huanza na swali kama hilo, na si mfupa uliowapotosha. Ni sisi.

Pili, tofautisha swali la "nani" na swali la "vipi". Kanisa hufundisha ni nani aliyeumba na kwa nini. Mawe hutuonyesha mambo yaliyopita, moja baada ya jingine. Mtoto anaweza kumshukuru Muumba na bado akauliza maji ya ziwa la Olorgesailie yalienda wapi.

Tatu, mtoto wa miaka mitano hahitaji mabishano ya watu wazima. Anahitaji kushika, kutazama na kuuliza. Akiuliza usilolijua, sema, "Sijui. Tutamwuliza anayejua." Maneno hayo hayampunguzii mwalimu heshima.

Nne, waarifu wazazi mapema. Waite, waonyeshe karai na chapa za majani. Mzazi mwenye pingamizi asikizwe kwa upole. Mara nyingi akishaona hofu humwisha.

TAHADHARI: TIMBO SI DARASA

Hapa tunasema kwa sauti kubwa. Baada ya masomo haya, watoto watataka kutafuta mawe. Na timbo liko karibu. Huku kwetu matimbo mengi yaliachwa wazi mawe yalipokwisha. Mvua ikinyesha hujaa maji, kingo ni wima, na huwezi kujua kina. Watoto wamekufa maji humo wakiogelea, wakichota maji au wakicheza tu. Hata timbo linalofanya kazi lina mashine, baruti na kuta zinazoporomoka.

Kwa hivyo:

- Usiwapeleke watoto timboni, hata kwa "ziara fupi". Mawe yaletwe kwao. Omba vipande vilivyobaki kwa fundi anayejenga.
- Kila somo la mawe limalizike kwa watoto kusema pamoja: "Timboni siendi."
- Kamati za maendeleo za kanisa ziorodheshe matimbo yaliyo wazi katika eneo lao na kuyapeleka kwa chifu na serikali ya kaunti, zikidai yazibwe au yawekewe ua. Tukifundisha watoto kupenda mawe tukawaachia shimo wazi, tumewatega wenyewe.

MKIKUTA KITU

Mtu akilima au akichimba msingi akakuta mfupa uliogeuka jiwe, au zana ya mawe, asiutoe wala kuuza. Sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006 inataka ugunduzi uripotiwe, na hairuhusu mtu kuchimba bila kibali. Acha kitu mahali kilipo, weka alama, kifunike kisinyeshewe, kisha mjulishe chifu au Makavazi ya Kitaifa. Kumbukeni sheria ya karai: kabla ya kukitoa, aone anayejua. Mfupa uliotolewa mahali pake hauwezi tena kusema ulilala na nani wala chini ya tabaka gani.

Vikundi vinavyoweza kuchanga nauli wawapeleke watoto Nairobi, kwenye jumba la makavazi lililoko Museum Hill. Kutoka Thika au Ruiru ni safari ya barabara moja kubwa, na watoto hutozwa chini ya watu wazima. Msiende kabla ya masomo haya. Mtoto aliyechimba karai atasimama mbele ya mifupa ya mvulana mwenzake na kuuliza maswali. Asiyeandaliwa atauliza tu soda inauzwa wapi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mtoto wako aliuliza swali gani la mwisho ambalo ulimwambia anyamaze? Ungemjibuje leo?
2. Ni timbo gani lililo wazi karibu na nyumbani au shuleni kwenu? Nani atalifuatilia, na lini?
3. Ni vitu gani vya kufundishia vilivyo tayari katika kiwanja cha kanisa letu?
4. Tutawaelezaje wazazi wenye wasiwasi kuhusu imani, bila kuwadharau?

Yule mtoto wa Ruiru darasa lake limekwisha kujengwa, na sasa anakaa ndani ya mawe yale yale aliyouliza habari zake. Bado hajajibiwa. Jumatatu asubuhi, mwalimu, anzia hapo: weka kiganja chako ukutani, waite watoto waweke vyao, na uwaambie, "Hili lilikuwa majivu."

Mungu awabariki katika kazi hii.